Ilikwisha au bado? Kuhusu “used to” ya Kiingereza na “tulizoea” ya Kivu

Katika mtihani wa mwaka wa kwanza niliandika sentensi hii: “I use to wake up at five o'clock.” Mwalimu aliipiga mstari mwekundu, akaandika pembeni “wakati gani?”, nami nikapoteza alama moja. Nilidhani ni suala la herufi moja iliyosahauliwa, nikapita. Miaka miwili baadaye kosa hilohilo nililirudia kwa mdomo, mbele ya mama mmoja wa Masisi, na safari hiyo hasara haikuwa ya alama moja.

Ilikuwa wakati wa likizo. Shirika moja la misaada lilitafuta mtu anayejua Kiingereza na Kiswahili cha kwetu, awasindikize wageni wawili kwa siku chache katika vijiji vilivyo kati ya Nyabiondo na Kashebere, pale Masisi inapoisha na Walikale inapoanza. Mimi ni mtoto wa upande huo. Baba ni Muhunde wa Masisi na mama ni Munyanga wa Walikale, kwa hiyo niliona kazi hiyo ni nyepesi. Wageni hawakujua Kiswahili wala Kifaransa. Walikuwa na fomu ya maswali, na swali mojawapo lilihusu mahali ambapo familia inalala usiku. Majibu ya fomu hizo ndiyo yangesaidia kuamua ni nani apewe maturubai na blanketi kwanza.

Mama wa nyumba ya tano alijibu hivi: “Siye tulishazoea kukimbia. Usiku tunalalaka mu pori, asubui tunarudi mu mashamba.” Nikatafsiri: “We used to run away. We slept in the forest and came back to the fields in the morning.” Mgeni akaandika, kisha akainua kichwa na kuuliza: “When did that stop?” Nikamgeuzia mama: “Ilisimama wakati gani?” Mama akaniangalia kwa muda.

“Mutoto yangu,” akasema, “nani alikuambia kama ilisimama?”

Hakuna aliyeniambia. Nilisema mwenyewe, kwa Kiingereza. Na mbaya zaidi, katika nyumba nne zilizotangulia nilikuwa nimetumia “used to” ileile, na mgeni hakuuliza kitu. Kwenye karatasi zake familia zote nne zilikuwa zimeandikwa kwamba zamani zililala porini na sasa zinalala nyumbani. Ilibidi nikiri kosa, tukarudi mlango kwa mlango. Familia tatu tulizikuta, tukasahihisha. Ya nne ilikuwa imeshaondoka na mizigo yake, jirani hakujua imeelekea wapi, na fomu yake ikabaki na alama ya kuuliza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiichunguza tungo hii ndogo. Naandika hapa nilichokipata, kwa sababu wengi wetu katika kitivo hiki tutafanya kazi kama ile kabla hata hatujamaliza masomo, na kwa sababu naamini chanzo cha kosa hakiko katika Kiingereza peke yake. Kimo pia katika Kiswahili chetu cha Kivu, ambacho darasani hatukisomi mara nyingi.

Sentensi tatu, maneno yaleyale

Tuanze na sentensi tatu ambazo kwa macho zinafanana sana:

“My uncle used to carry charcoal on a chukudu.”
“My uncle is used to carrying charcoal on a chukudu.”
“A chukudu is used to carry charcoal.”

Ya kwanza inasema kwamba zamani mjomba alikuwa akibeba makala kwa chukudu, na anayesikia anaelewa kwamba sasa hafanyi tena. Labda amezeeka, labda amenunua pikipiki. Ya pili inasema kwamba mjomba amezoea kazi hiyo: kwake si ngeni, mabega na magoti yake yanaijua. Haisemi kabisa kwamba ameiacha, na kwa kawaida tunaelewa kwamba angali anaifanya. Ya tatu haina habari ya mazoea hata kidogo. Inasema chukudu hutumiwa kwa kazi gani.

Katika ya kwanza, “used to” inafanya kazi kama kitenzi kisaidizi cha wakati uliopita, na kinachofuata ni kitenzi kitupu: “used to carry”. Katika ya pili, “used” ni kama kivumishi chenye maana ya “aliyezoea”. Inatanguliwa na kitenzi “be”, na “to” yake ni kihusishi. Ndiyo maana inafuatwa na nomino, au na kitenzi chenye “-ing” kinachosimama mahali pa nomino: “used to carrying”. Katika ya tatu tuna kitenzi “use”, kutumia, katika kauli ya kutendwa, na “to carry” inaonyesha kusudi.

Sikio linaweza kutusaidia. Katika sentensi mbili za kwanza neno linatamkwa kama “yust”, kwa s kavu, na ile d imemezwa na t inayofuata. Katika ya tatu linatamkwa kama “yuuzd”, kwa z inayosikika. Mtu akisema “tantalum is used to make capacitors” akizungumzia madini ya Rubaya, utasikia z, nawe utajua hapo hapo kwamba anazungumzia matumizi ya kitu.

Asili ya neno inaeleza kwa nini maana zimekusanyika mahali pamoja. Kiingereza kilichukua “use” kutoka Kifaransa cha kale, “user”, chenye mizizi katika Kilatini. Kwa karne kadhaa kitenzi hicho kilikuwa na maana mbili: kutumia, na kufanya jambo kwa desturi. Wakati huo Mwingereza aliweza kusema “he uses to go” kwa wakati uliopo. Baadaye umbo la wakati uliopo lilikufa, likabaki la wakati uliopita pekee. Kwa hiyo sentensi yangu ya mtihani, “I use to wake up at five o'clock”, imechelewa kwa karne kadhaa. Leo, kwa desturi ya sasa, Kiingereza kinasema “I usually wake up at five”, au kwa kifupi tu “I wake up at five”.

Mambo manne kuhusu ile ya zamani

La kwanza: “used to” haihusu matendo tu, bali hata hali. “Our country used to be called Zaire” ni sentensi sahihi, maana jina hilo lilidumu kutoka 1971 hadi 1997, kisha likaondoka. “Masisi used to be in a province called Kivu” nayo ni sahihi, kwa kuwa Kivu ya zamani iligawanywa mwaka 1988 kuwa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Hapa “used to” inamshinda mwenzake “would”. “Would” inaweza kueleza matendo yaliyorudiwa zamani, kama katika “every evening we would walk to the forest”, lakini haiwezi kueleza hali. Ukisema “our country would be called Zaire” kwa maana ya desturi ya zamani, umekosea.

La pili: “used to” haipendi hesabu. Ukitaja mara ngapi jambo lilitokea, au lilidumu muda gani, rudi kwenye wakati uliopita wa kawaida. Volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava mwaka 1977, 2002 na 2021. Hatusemi “Nyiragongo used to erupt three times”, tunasema “Nyiragongo erupted three times”. Kadhalika mtu akikuambia kwamba familia yake ilikimbia mara tatu mwaka 2012, sema “they fled three times in 2012”. Ukimwekea “used to” unaifuta hesabu yake, na huenda hesabu hiyo ndiyo iliyotafutwa.

La tatu ni ukanushi na maswali. Kwa kuwa “did” imeshabeba wakati uliopita, “used” inapoteza d yake: “We didn't use to lock the door”, “Did you use to live in Pinga?” Ukisikiliza hutatambua tofauti, maana d haikusikika tangu mwanzo. Katika maandishi tofauti inaonekana, na walimu wetu wanaiona.

La nne ndilo lililonikwaza. Je, “used to” inasema kwa lazima kwamba jambo limekwisha? Tukitaka kuwa wakali, jibu ni hapana. Mtu anaweza kusema “we used to sleep in the forest, and we still do”, na sentensi isijipinge. Kukoma kwa jambo ni dokezo lake tu, wala si tamko. Lakini ni dokezo zito. Msikilizaji asiposikia “and we still do”, atahitimisha kwamba limekwisha, na ana haki. Ndivyo alivyofanya yule mgeni alipouliza lilikoma lini. Swali lake lilikuwa swali zuri kwa sentensi niliyompa. Sentensi ndiyo iliyokuwa ya uongo.

Mambo mawili kuhusu ile ya mazoea

“Be used to” inabadilika kwa wakati kama sentensi yoyote yenye “be”. Miaka ya 2000 ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya barabara ya lami karibu na Kilambo, katika Walikale, kuchukua kasiteriti. Kwa habari hiyo tunaweza kusema “people there were used to planes landing on the road”, yaani walikuwa wamezoea. Tukitaka kuonyesha mwendo wa kuzoea, tunatumia “get”. Mtu wa vilima vya Masisi akishuka kwenye msitu wa Walikale atasema siku ya kwanza “I'm not used to this heat”, na baada ya miezi miwili “I'm getting used to it”.

Kosa letu kubwa hapa ni “I am used to flee”, badala ya “I am used to fleeing”. Linatoka kwenye Kifaransa, ambacho kinasema “habitué à fuir” kwa kitenzi kisichonyambuliwa. Dawa yake ni rahisi: jaribu kuweka nomino baada ya “to”. Kama “I am used to noise” inakubalika, basi “to” hiyo ni kihusishi, na kitenzi kitakachoshika nafasi ya “noise” kitahitaji “-ing”. Jaribu vivyo hivyo na ile ya zamani: “I used to noise” haina maana. Kwa hiyo hapo kitenzi kinabaki kitupu.

Kwa nini sisi tunakosea

Wengi wetu tunafika kwenye Kiingereza kwa kupitia Kifaransa. Tunasikia Kiswahili, tunakipanga kwa Kifaransa kichwani, halafu tunakitoa kwa Kiingereza. Kifaransa kina “nous avions l'habitude de fuir”, tulikuwa na desturi ya kukimbia, na “nous avons l'habitude de fuir”, tuna desturi ya kukimbia. La kwanza linakaribia “we used to flee”. La pili ni “we usually flee”, au “we are used to fleeing”. Tofauti yote imo katika “avions” na “avons”, sauti moja nyembamba. Mkalimani aliyechoka anaipoteza kirahisi, na aliyeipoteza katika Kifaransa hataipata tena katika Kiingereza.

Lakini siku ile ya Masisi sikupitia Kifaransa. Nilitoka moja kwa moja kwenye Kiswahili, na ni Kiswahili kilichonidanganya, au tuseme ni mimi niliyekisikiliza kwa sikio la kitabu.

Darasani tulifundishwa kwamba “-li-” ni wakati uliopita na “-me-” ni hali iliyotimia. “Tulichoka” ni jana, “tumechoka” ni sasa. Hiyo ni sarufi ya Kiswahili sanifu, na ni sahihi kwa vitabu vyake. Katika Kiswahili cha Kivu, hata hivyo, “-me-” haisikiki sana mdomoni. Kazi yake nyingi inafanywa na “-li-” na “-lisha-”. Mtu wa Goma au wa Masisi akikuambia “nilichoka”, anataka kiti sasa hivi. Akisema “nilishakula”, usimpakulie, ameshiba. Na akisema “tulishazoea kukimbia”, anasema kile ambacho kitabu kingekiandika “tumeshazoea kukimbia”. Ni habari ya leo. Sikio langu la mtihani lilisikia “-li-”, likapeleka sentensi nzima zamani.

Mama hakuniacha bila msaada. Sentensi yake ya pili ilikuwa na “tunalalaka”. Kiambishi hicho “-ka” mwishoni mwa kitenzi kila mmoja wetu anakitumia, ingawa katika insha tunakifuta. Ni alama ya desturi: “tunalimaka” ni tunalima kwa kawaida, na “tulikuwaka tunalima” ni tulikuwa tukilima, huko nyuma. Anayesema Kinyarwanda ataona kinafanana na “-aga” yake, kwa mfano “twahingaga”, tulikuwa tukilima. Katika Kiswahili sanifu kazi ya “tunalalaka” inafanywa na “hu-”, yaani “hulala”. Kumbe “tunalalaka mu pori” ilikuwa wazi kabisa: “we sleep in the forest”, wakati uliopo, kila usiku. Kwa kuwa nilikuwa nimeshaipeleka sentensi ya kwanza zamani, niliiburuta na ya pili ifuatane nayo.

Nikiweka ulinganisho huu kwa ufupi, ninapata hivi:

“Tulikuwaka tunalala mu pori”: “we used to sleep in the forest.”
“Tunalalaka mu pori”: “we sleep in the forest”, au “we usually sleep in the forest.”
“Tulishazoea kulala mu pori”: “we are used to sleeping in the forest.”
“Tulizoea kulala mu pori”: hapa simama, uliza.

Nasema simama kwa ile ya mwisho kwa sababu ina njia mbili. Kwa msemaji aliyelelewa na Kiswahili cha redio na cha kanisani inaweza kuwa ya zamani. Kwa msemaji mwingine, katika kijiji hichohicho, ni ya sasa. Umbo pekee halitoshi. Na hata ile ya kwanza, ambayo naiamini zaidi, inastahili swali moja dogo ikiwa kuna jambo zito linaloitegemea. Swali lenyewe ni fupi: “Na sasa?” Kama mama angeulizwa hivyo, angejibu kwa sekunde tatu, na familia ile ya nne isingeondoka ikiwa imeandikwa vibaya.

Kiingereza kinafanya nini Masisi na Walikale

Mwenzangu mmoja aliposoma rasimu ya makala hii aliniuliza kwa nini nihangaike hivi, wakati Kifaransa ndicho lugha rasmi ya nchi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Kiingereza ni somo la shule tu, alisema.

Ni somo la shule, lakini limefika mbali na shule. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulianza kazi nchini mwaka 1999 kwa jina la MONUC, na tangu Julai 2010 unaitwa MONUSCO. Katika Kivu Kaskazini askari wake wengi walitoka India, na wengine Afrika Kusini. Kati ya askari wa namna hiyo na mama wa kijijini palihitajika mtu wa katikati, na ndiyo maana tangu mwanzo wa miaka ya 2010 ujumbe huo uliwaajiri Wakongo kuwa wasaidizi wa kuunganisha kambi zake na jamii zinazozizunguka. Mashirika ya misaada nayo, hata yanapofanya mikutano kwa Kifaransa, hupeleka ripoti nyingi makao makuu kwa Kiingereza. Neno la mtu wa Ntoto au wa Kitchanga linaweza kuanza kwa Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda, likapita kwenye Kiswahili, na likafika kwenye meza ya uamuzi kwa Kiingereza. Kila kivuko kina hatari yake.

Walikale imewahi kukutana na Kiingereza kwa namna nyingine, ya utulivu zaidi. Utenzi wa Mwindo wa Wanyanga, uliorekodiwa mwaka 1956, ulitolewa mwaka 1969 na University of California Press kwa kazi ya Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, ukiwa na maandishi ya Kinyanga pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Wataalamu hao waliweza kurudi kwenye sentensi mara nyingi kadiri walivyotaka. Msomaji anayejua Kinyanga anaweza kulinganisha na kubishana nao hata leo. Mkalimani wa uwanjani hana bahati hiyo. Anasikia mara moja, anasema mara moja, na maneno ya asili hayaandikwi popote. Fomu ya yule mgeni ilikuwa na Kiingereza changu tu. Kama mgeni asingeuliza swali lake, hakuna mtu duniani ambaye angeweza kugundua kosa, kwa kuwa “tulishazoea” ya mama ilikuwa imepotea hewani.

Kwa sababu hiyo nimejiwekea desturi moja. Panapokuwa na kitenzi cha mazoea au cha kukimbia, naandika pembeni ya daftari neno lenyewe alilosema mtu, kwa Kiswahili chake, pamoja na “-lisha-” yake na “-ka” yake. Haichukui muda. Jioni naweza kurudi na kujiuliza kama nilimtendea haki.

Kuzoea ni nini

Kuna jambo moja limebaki, na si la sarufi. Tuchukue kwamba siku ile ningetafsiri bila kosa: “We are used to fleeing.” Wakati ungekuwa sahihi, “-ing” ingekuwa mahali pake, na mwalimu angenipa alama zote. Je, mgeni angeelewa alichosema mama?

Sina hakika. Katika Kiingereza, anayesema “I'm used to it” mara nyingi anamtuliza msikilizaji: usijali, hainisumbui tena. Mtu wa Masisi hutumia “tulishazoea” mahali ambapo hakuna utulivu. Analitumia kufunga mlango wa malalamiko, kwa kuwa ameshalalamika mara nyingi bila kusikilizwa. Methali yetu inasema mazoea yana taabu, na hapa naiona ikifanya kazi kwa namna yake: ukishaonekana umezoea, watu huacha kukuuliza. Mfaransa ana neno la ukoo uleule wa “user”, nalo ni “usé”, linalosemwa kwa nguo iliyochakaa na kwa mtu aliyechoshwa na maisha. Nadhani “tulishazoea” ya mama ilikuwa karibu na hapo.

Sikubuni hilo mwenyewe. Baada ya kosa langu kugunduliwa, nilimweleza mama kwa Kiswahili ni nini kilichotokea: kwamba nilimwambia mgeni mambo yamekwisha, na kwamba sasa nitamwambia mmezoea. Akatikisa kichwa.

“Umwambie vizuri,” akasema. “Kuzoea haiko kupenda.”

Nilimwambia mgeni: “They still flee. They sleep in the forest every night. It has gone on so long that they no longer call it unusual, but she wants you to know they are not at peace with it.” Sentensi ilikuwa ndefu kuliko yake, na darasani ningeambiwa nimeongeza maneno. Mgeni aliandika yote. Kisha akauliza mama ana watoto wangapi wanaolala naye huko msituni, na kama wana kitu cha kujifunika mvua ikinyesha. Hayo ndiyo maswali ambayo angeyauliza tangu nyumba ya kwanza kama ningesikia vizuri.

Ninawaomba wenzangu waliowahi kukalimani katika Masisi, Walikale au kwingineko waangalie madaftari yao, na wahariri wa jarida letu watupe nafasi ya kuendelea. “Tulishazoea” ni neno moja tu. Najua yapo mengine ambayo Kiswahili cha Kivu kinayabeba kwa namna yake na Kiingereza kinayataka kwa namna nyingine. “Kukimbia” lenyewe ni mfano. Kiingereza kinatutaka tuchague kati ya “run”, “run away” na “flee”. Siku ile mimi nilisema “run away”, kama kwamba mama yule na watoto wake walikuwa wametoroka kazi.